Nashona kilti nyumbani Aberdeen: marinda 25, yote kwa mkono

Haya jamani, mambo vipi, karibuni tena. Leo nipo jikoni kwangu hapa Aberdeen, ni saa tatu usiku na nje bado kweupe maana huku mwezi wa tano jua linachelewa kweli kuzama, watoto nimewaambia wasishuke mpaka nimalize kurekodi, na hiki mnachokiona hapa mezani, subirini nisogeze kamera, hiki ndo kile kitambaa nilichowaonyesha mara ya mwisho kikiwa bado kimekunjwa vilevile kilivotoka dukani. Sasa hivi ni marinda 25. Yote kwa mkono, cherehani sijaigusa.

Kwa wageni niwaambie haraka haraka. Mwanangu wa kwanza anamaliza sekondari, mwezi wa sita wana sherehe yao ya kuagana, na huku Uskoti vijana wengi wa kiume siku kama hiyo wanavaa kilti, lile vazi lao la marinda la kufunga kiunoni linaloishia gotini. Wengi wanakodi. Kununua mpya iliyoshonwa kwa mkono ni mamia ya pauni, na nikisema mamia simaanishi mia moja na kitu. Sasa mi ni mtoto wa fundi, nimekua chini ya meza ya kukatia nguo, nikakaa nikajiuliza kwanini nikakodi kitu ambacho mikono yangu inaweza kukitengeneza na mtoto akabaki nacho maisha yake yote? Maana kilti nzuri mtu anavaa miaka na miaka, anaoa nayo, anamwachia mwanae. Ndo hapo nikaanza.

Halafu kuna komenti nyingi sana za "mbona unamvalisha kijana sketi". Nawajibu kwa heshima kabisa. Kwetu Tanga baba yangu alikuwa akitoka msikitini anavua suruali anafunga msuli, anakaa barazani mpaka usiku, na sijawahi kusikia mtu akisema baba amevaa sketi. Mombasa wanafunga kikoi, Unguja wanafunga msuli, na kilti ndo nguo ya kiume ya Waskoti. Na wameipigania. Baada ya vita ya Culloden mwaka 1746 serikali ya kule London ilipitisha sheria ya kukataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi haya ya nyanda za juu, ukikamatwa ni jela, na sheria ile haikufutwa mpaka mwaka 1782. Waliobaki wanaruhusiwa ni wanajeshi tu. Kwa iyo kabla hujaita sketi, kumbuka kuna watu waliogopa kuivaa kwa miaka zaidi ya 30 na bado hawakuiacha ikapotea.

Na hao wanajeshi ntawarudia, maana aina ya marinda niliyochagua ni ya kwao.

Kitambaa kwanza. Hii ni sufu tupu, na huu mpangilio wake wa mistari na miraba unaitwa tartani, na hii tartani yenyewe ni ya ukoo wa Gordon. Angalieni rangi, bluu iliyokolea, nyeusi, kijani, na huu mstari mwembamba wa njano unaopita katikati ya kijani. Ukiutoa huo wa njano inabaki tartani ya kikosi cha Black Watch, ile ya kijeshi. Mwaka 1793 walipokuwa wanaandaa kikosi cha Gordon, William Forsyth wa Huntly, mji uko huku huku kwetu Aberdeenshire, ndo aliyependekeza kuongeza njano kwenye ile ya jeshi. Sisi siyo ukoo wa Gordon bila shaka, ila hakuna sheria inayokuzuia kuvaa tartani yoyote ya ukoo, na mwanangu amekulia hapa, anaongea kama watu wa hapa, nikaona avae ya hapa.

Nimenunua yadi 4 za upana mkubwa, ule wa kama inchi 56. Unakichana katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya yadi 4, unaviunga vinakuwa yadi 8 za upana mdogo, na ile sehemu ya kuungia unaificha ndani ya rinda mtu asiione kamwe. Uzito ni wa aunsi 13, yani yadi moja ya ule upana mkubwa ina aunsi 13, kwa hiyo yadi zangu 4 ni karibu kilo moja na nusu. Kilo na nusu kiunoni kwa mtu! Ndo maana inakaa vizuri namna ile, upepo wa bahari ya huku haubebi.

Na chini haina pindo. Hili lilinishangaza kuliko yote. Huu ukingo wa kitambaa, huu uliofumwa kiwandani ambao haufumki nyuzi, ndo unakuwa mwisho wa kilti, hauukunji wala huushoni. Maana yake urefu unaupatia huku juu kiunoni, na ukikosea kupima goti huwezi kwenda kurekebisha chini. Pima tangu mwanzo, kutoka kiunoni mpaka katikati ya goti, mtu akiwa amesimama wima anaangalia mbele, siyo anaangalia simu.

Haya. Marinda.

Mama yangu pale Ngamiani, Tanga, alikuwa na cherehani ya miguu barazani, na kila mwezi wa kwanza shule zikikaribia kufunguliwa nyumba nzima inajaa tetroni ya bluu, tunalalia tetroni, tunakula pembeni ya tetroni. Sketi za marinda za wanafunzi. Mi nikiwa darasa la tano nilishajua kukunja: unaweka futi, unachora chaki, inchi mbili, inchi moja, inchi mbili, inchi moja, mpaka mwisho, unakunja kwa kufuata chaki, unapiga pasi ya mkaa, unapiga bandi, yani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, unampa mama ashone mkanda. Rangi ni moja, kwa hiyo chaki ndo mwenye neno. Nikaingia kwenye kilti na akili hiyo hiyo.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kijana ana kiuno inchi 30, nyonga inchi 38. Mbele kilti ina vipande viwili bapa vinavyopishana, wenyewe wanaita eproni, marinda yote yako nyuma. Kwenye nyonga nikawapa eproni inchi 18 na marinda inchi 20, kiunoni nikagawa nusu kwa nusu, 15 na 15. Sasa inchi 20 ukigawa kwa marinda 25, kila rinda linaonekana kwa sentimita 2 hivi pale kwenye nyonga. Inchi 15 kwa marinda 25, kila rinda ni sentimita moja na nusu kiunoni. Umeona hapo? Rinda la sketi ya shule lina upana mmoja juu mpaka chini, halafu mkanda ndo unabana. La kilti linaanza jembamba kiunoni, linapanuka taratibu mpaka nyonga kama inchi 8 hivi kushuka, na eneo lote hilo la inchi 8 limeshonwa. Kuanzia nyonga kwenda chini ndo linaachiwa, linaning'inia lenyewe.

Nikachukua futi na chaki nikachora sentimita mbili mbili kwenye nyonga, kipimo safi kabisa kwa macho yangu. Nikakunja, nikapiga pasi kila rinda nikilivuta kidogo linyooke, nikapiga bandi, siku nne jioni baada ya kazi. Siku ya tano nikaitundika mlangoni nikarudi nyuma hatua tatu.

Mstari wa njano ulikuwa unahama. Rinda la kwanza uko katikati, la tano umesogea kidogo, la kumi uko pembeni, la kumi na nne umeshaingia kabisa chini ya rinda linalofuata, hauonekani. Na kiunoni ndo ilikuwa mbaya zaidi maana ile nusu sentimita ya kupunguza niliitoa yote upande mmoja, kwa hiyo mistari yote imelala kama mti ulopigwa na upepo. Nilikaa chini sakafuni. Niliumia kweli, maana muda wangu wa kushona ni huu wa usiku tu na sherehe haingoji.

Nikampigia mama video kwa wasap. Mama ana miaka sabini na zaidi, kilti hajawahi kuishika mkononi, nikamsogezea kamera akaangalia kimya muda mrefu, mi nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Mwanangu, kitambaa kimeshakupimia, we unapima nini tena?"

Jamani. Hiyo ndo video nzima ya leo.

Tartani imefumwa kwa mpangilio unaojirudia, mpangilio mmoja mzima wanauita seti, na hii yangu seti moja ni inchi 7 na nusu. Yani kila baada ya inchi 7 na nusu unarudi pale pale, uzi kwa uzi. Mfumaji ameshahesabu nyuzi zote. Mi nikaja juu yake na chaki na futi ya plastiki. Na sufu siyo tetroni, sufu ukiivuta na pasi yenye mvuke inakubali, inavutika, kwa hiyo chaki yangu ilikuwa sahihi wakati naichora na ikawa siyo sahihi nilipomaliza kupiga pasi. Ukikosea milimita moja kwa kila rinda, kwa marinda 25 umepoteza sentimita mbili na nusu. Hapo kilti haifungi, au inafunga na kuzidi.

Nikafumua yote. Marinda 25, bandi zote, nikakipiga kitambaa mvuke kikalala, nikakiacha usiku mzima.

Sasa kuna njia mbili kubwa za kukunja, na hapa ndo nawarudia wale wanajeshi. Njia ya kwanza ni kukunja kwa seti: kila rinda unalisogeza hatua moja mbele kwenye mpangilio, ili mtu akiangalia nyuma aone tartani nzima ikiendelea kama vile kitambaa hakijawahi kukunjwa. Ni nzuri sana, raia wengi wanavaa hiyo. Njia ya pili ni kukunja kwa mstari, unachagua mstari mmoja na kila rinda linauonyesha huo huo katikati. Hiyo ndo ya vikosi vya jeshi. Nyuma inakuwa na mistari imesimama sambamba, na mtu akitembea marinda yakifunguka zinatokea rangi nyingine zilizokuwa zimejificha ndani. Mi nikachagua mstari, mstari wa njano, na ntasema ukweli nilichagua hivo kwa sababu nilitaka hiyo mistari 25 ionekane na kila mtu.

Kwa hiyo mara ya pili futi niliiweka kabatini. Natafuta mstari wa njano, naufanya katikati ya rinda. Nahesabu nyuzi kulia, nahesabu nyuzi kushoto, nakunja hapo. Naruka seti moja nzima mpaka mstari mwingine wa njano unaolingana na ule wa kwanza, nakunja tena. Kila rinda linakula inchi 7 na nusu za kitambaa na nje linaonyesha sentimita 2 tu, nyingine yote imelala ndani, zaidi ya inchi 3 kwa kina. Marinda peke yake yamekula zaidi ya yadi 5, ndo mjue hizo yadi 8 zinaenda wapi.

Na ile nusu sentimita ya kupunguza kwenda kiunoni, sasa naigawa, robo kulia, robo kushoto. Mstari unabaki katikati toka nyonga mpaka kiuno, rinda ndo linasinyaa pande zote mbili kulizunguka. Hii usipoifanya hutaona kosa kwenye rinda moja, utaliona kwenye rinda la kumi, ukiwa umeshachoka.

Futi niliitoa kabatini kwa kazi moja. Kila nikimaliza marinda matano napima jumla: nyonga iwe sentimita 10 na kidogo, kiuno saba na nusu na kidogo. Ikizidi, nafumua hayo matano hapo hapo, siendelei. Siyo kupima rinda moja moja, ni kupima kundi, maana kwa rinda moja jicho litakudanganya milimita na futi nayo itakubali.

Kitu kingine, usiangalie mistari ya wima tu. Hii ya mlalo nayo inatakiwa ipite marinda yote kwa usawa kama maji kwenye beseni. Ukingo wa chini ukinyooka, mistari ya mlalo nayo inanyooka, rinda moja likipanda juu kwa nyuzi mbili tu unaona ngazi. Mi nilikuwa napachika pini kwanza chini, halafu nyonga, halafu kiuno, kwa mpangilio huo.

Kushona kwenyewe sasa. Uzi wa polista wa rangi ya giza, sindano fupi nyembamba, na subana kwenye kidole cha kati, bila subana usianze maana sufu ya safu nne tano inatoboa kidole. Unalaza ukunjo wa rinda juu ya rinda lililotangulia, unaanzia nyonga unapanda kwenda kiunoni, sindano inashika uzi mmoja au miwili tu ya ukunjo wa juu, inazama chini, inatokea mbele kidogo. Upande wa nje mshono hauonekani. Kama unaonekana umeshika kitambaa kikubwa, rudia. Mi napata kama mishono 10 kwa inchi moja, inchi 8 kwa kila rinda, marinda 25, hiyo ni karibu mishono 2,000. Rinda moja linanichukua kama nusu saa. Kuna watu mtauliza kwanini nisipige cherehani, na zipo kilti za cherehani, zinavaliwa, sizisemi vibaya. Ila cherehani inasukuma safu ya chini haraka huku ya juu inabaki nyuma, na kwenye mistari hii ya njano huo msukumo unauona. Mkono unasikia kitambaa kikianza kukimbia kabla hakijakimbia.

Pasi, kwa ufupi: kitambaa cha pamba kilicholowa juu yake, unaweka pasi, unanyanyua, unaweka, unanyanyua. Usiburuze. Ni kuburuza ndo kulinigharimu siku nne.

Na hii ya mwisho ndo iliyomfanya mama ashike kichwa kwenye video. Huku ndani, geuzeni macho huku, marinda yakibanwa kiunoni safu zinakuwa nyingi mno, kiuno kinatuna kama umefunga mto. Kwa hiyo unakata. Unachukua mkasi unaondoa kitambaa cha ndani cha marinda toka kiunoni kushuka karibu na nyonga. Kabla ya kukata lazima upige mstari wa mishono imara upande wa ndani, ushike marinda yote kwa pamoja, maana ukishakata uzito wa huku chini hauna tena pa kujishikilia, ungevuta mishono ya nje yote ikaonekana. Mstari huo ukishakaa, unakata, halafu juu yake kinakuja kitambaa kigumu cha kushikilia umbo, halafu bitana ya pamba. Mama alikuwa anasema "usikate, usikate, sufu ya bei hiyo!" nikakata huku ananiangalia. Alipoona kiuno kimelala bapa akasema nimuonyeshe tena polepole.

Kilichobaki ni eproni, bitana, mikanda ya ngozi na bizimu zake, hiyo ni video nyingine. Bandi ya huku chini siitoi mpaka siku ya mwisho ya kupiga pasi, hizi nyuzi nyeupe mnazoziona ndo zinafundisha marinda kukaa.

Ngoja nimwite basi mumwone. Baba! Shuka kidogo. Njoo, simama hapa, usikanyage uzi. Nakuzungushia tu, bado haina vifungo, shika hapa mbele. Ipe kamera mgongo. Simama wima baba, usiiname kuangalia.

Haya, angalieni. Moja, mbili, tatu... imesimama. Imesimama jamani, toka kiunoni mpaka chini, kumi na moja, kumi na mbili, hapa kwenye muungano hamuuoni, uko ndani ya hili la kumi na tatu. Kumi na saba, kumi na nane.

La kumi na tisa. Hapa kiunoni, njano imesogea kushoto, nyuzi mbili, labda tatu. Mlikuwa hamuioni nyie? Mi naiona. Vua baba, weka mezani taratibu, nipe ile subana pale dirishani na mkasi mdogo, nalifumua hili moja sasa hivi kabla sijalala.